Zamu Moja ya Katani

Shauri la Kibendera cha Kona Kilichotumika Nje ya Malengo Yaliyokusudiwa. Hilo ndilo jina lake kamili, na mtu akilifupisha, Kamati humrudisha akaanze upya.

Hapo zamani, si zamani sana, maana suti za wajumbe wale bado zinavaliwa, palikuwa na ligi ya mkoa iliyochoka kuona timu zikiibiana wachezaji. Ikatunga utaratibu. Msimu ukiisha, kila timu ibaki na wachezaji ishirini. Waliozidi waingie kapuni. Kisha timu zichague kutoka kapuni kwa zamu, iliyoshika mkia ikianza, na kila timu iwe na zamu mbili. Asiyetajwa na timu yoyote akae nyumbani hadi mwakani.

Mwaka huo mkia ulishikwa na Katani, timu ya mji wa mkonge. Haikushuka daraja kwa sababu tu timu nyingine ilifutwa. Ikishika mkia tena, haiponi.

Meneja mkuu wa Katani, Elinami Mchomvu, alikuwa mtu wa hesabu za kimyakimya. Aliwataka watu ishirini na mmoja, na sheria ilimruhusu ishirini. Akamwita nahodha wake, Kihiyo, beki wa siku nyingi mwenye goti linalotabiri mvua.

"Nahodha, nataka uingie kapuni."

"Unanifukuza, bosi?"

"Nakuficha. Nani mwingine atakutaja wewe na goti hilo? Zamu ya kwanza nachukua mtu mpya, ya pili nakurudisha. Tunabaki na mtu mmoja wa ziada, na sheria haijaguswa."

Kihiyo akacheka, akalipapasa goti. "Yaani leo goti langu limekuwa mali. Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Akaingia kapuni.

Sasa, kibendera. Msimu ule ulipokuwa haujaisha, dada yake Kihiyo aliolewa, na njia ya kwenda kwao ina mchepuko ambao mgeni hauoni mpaka ameshaupita. Kihiyo akaomba kibendera cha kona kiwaonyeshe watu pa kukatia. Mchomvu akakichomoa uwanjani kwa mkono wake mwenyewe. "Kirudi kabla ya mechi," alisema. Harusi ikanoga. Kibendera kikarudi wakati wa mapumziko, na mwamuzi alikuwa ameshaandika: kona tatu zina bendera, moja yatima.

Siku ya kuchagua wachezaji ikafika. Ukumbi ukajaa. Kabla ya jina lolote kutajwa, mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu, Vifaa na Mengineyo akasimama, akavaa miwani, akalisoma shauri lile kuanzia jina lake hadi muhuri. Hukumu: Katani imepoteza zamu ya pili.

"Naweza kukata rufaa?" Mchomvu akauliza.

"Bila shaka. Rufaa husikilizwa na Kamati hii hii, uchaguzi ukishamalizika."

"Uchaguzi ukishamalizika, rufaa itanisaidia nini?"

"Hilo ndilo Kamati italiangalia," alisema mwenyekiti. "Twende chai."

Basi watu wakaenda chai, na Mchomvu akabaki ameshika kikombe, na zamu moja.

Akaja Mntambo, kipa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nichague mimi. Msimu uliopita mlicheza vizuri mkafungwa, mlicheza vibaya mkafungwa. Golini kwenu pana mlango bila mlinzi. Mimi nitachukuliwa tu, kama si na ninyi basi na wengine, hilo sikufichi. Lakini bila kipa mnashuka daraja, na mji mzima unashuka nanyi. Chagua mnachokikosa."

Akaja Adinani, winga. Hakuamkia.

"Nichague mimi. Najua mna mawinga. Najua mnataka kipa. Lakini humu kapuni hakuna anayeuchezea mpira kama mimi, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana tangu asubuhi hunitazami. Kipa atawazuia msifungwe. Mimi nitawafanya watu waje uwanjani kabla geti halijafunguliwa. Kazi yako ni kuchukua aliye bora. Ukimwacha bora kwa sababu una pengo, kila mwaka utakuwa fundi wa kuziba mapengo."

Mwisho akaja Kihiyo. Yeye hakusema "nichague mimi."

"Nimekuja kuuliza tu, bosi. Nikae, au niende nyumbani?"

"Kile kibendera, nahodha..."

"Nilikiomba mimi."

"Nilikutolea mimi."

Mtu akapita na sinia la maandazi, hakuna aliyechukua.

"Ungeniacha nilipokuwa," Kihiyo akasema, "sasa hivi ningekuwa mmoja wa wale ishirini. Hawa wawili usipowataja, watatajwa na wengine kabla chai haijapoa. Mimi usiponitaja, hakuna atakayenitaja. Si ndiyo sababu ulinichagua niingie kapuni? Na kwa umri wangu, mwaka mmoja wa kukaa nyumbani ndiyo mwisho wa mpira."

Kengele ikalia.

Sikilizeni. Miaka yote Mchomvu alikuwa na njia yake ya kuchagua wachezaji, na alitamba nayo kwa yeyote aliyempa sikio. Alijiuliza: tumepungukiwa nini? Alijiuliza: nani bora kati ya waliopo? Alijiuliza: nani tumempa neno letu? Siku zote maswali hayo yalimletea jina moja, au mawili na zamu mbili. Siku hiyo swali la kwanza lilisema Mntambo. La pili likasema Adinani. La tatu likasema Kihiyo. Na nyuma ya ukumbi walikaa wale ishirini, wanatazama neno la bosi wao lina uzito gani.

"Katani!" akaita mwenyekiti. "Zamu yenu. Ya kwanza, na kwa mujibu wa hukumu, ya mwisho."

Mchomvu akasimama. Akamtaja Mntambo.

Kilichotokea ni hiki. Adinani alichukuliwa na timu iliyofuata, akaja kuifunga Katani nyumbani kwake mara mbili. Hata hivyo Katani haikushika mkia. Kihiyo alikaa ukumbini mpaka viti vikakusanywa, hakuna aliyemtaja. Siku ya mechi ya kwanza alilipa kiingilio kama watu wengine, akakaa upande wa jua. Mwaka uliofuata Mchomvu aliomba mtu wa kujitolea kuingia kapuni, akakosa hata mmoja. Na Kamati ilisikiliza rufaa, ikaikubali kwa kauli moja, ikairudishia Katani zamu yake katika uchaguzi uliokwishapita.

Mntambo waliyemhitaji, Adinani aliyewazidi wote, Kihiyo aliyeahidiwa. Zamu ilikuwa moja. Haya, ninyi mlionisikiliza: nani aliistahili?