Kiboko Alivyokuwa Mtunzi Mkuu

Paukwa!

*Pakawa!*

Mbona mnaitika kama mmeshindia maji matupu? Paukwa!

*Pakawaaa!*

Haya, sasa nimewasikia. Kaeni vizuri, na wewe unayetafuna, meza kwanza, maana hadithi hii ina muziki ndani yake.

Hapo kale, na si kale sana kwa kuwa piano ilikwisha kuwapo, aliishi Bi Komba. Mnamjua komba: macho makubwa, mwili mdogo, vidole vyembamba. Alihamia katika nyumba ya mwalimu mmoja aliyeondoka akaiacha piano yake kwa sababu haikupita mlangoni. Iliingiaje? Msiniulize mimi, sikuwapo. Juu ya piano mwalimu aliacha kitabu cha maisha ya watunzi wakubwa wa muziki wa Ulaya, na Bi Komba alikisoma mpaka kurasa zikalegea.

Akajifunza. Masika ya kwanza alijifunza mkono wa kulia: ti-ri-ri! Masika ya pili akajifunza mkono wa kushoto: tim, tim! Masika ya tatu akaiweka mikono yote pamoja, nayo ikagombana kama mawifi. Masika ya nne ikapatana: ti-ri-ri tim! Ti-ri-ri tim! Wimbo ulikuwa mmoja tu, lakini ulikuwa wake, na alitamani kuliko kitu chochote kuupiga siku ya Sikukuu ya Mavuno.

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi. Siku ya mavuno, wimbo wa kwanza ukiisha, mpiga muziki hupakuliwa kabla ya wote, maana mikono yenye njaa hutetemeka, na mikono ikitetemeka watu wote watacheza ovyo. Desturi nzuri. Ila Kiboko naye aliisikia.

Kiboko akaja, bwi! bwi! bwi! Mlango haukumtosha, akapita ukutani. Akaibeba piano mgongoni kama mtu abebavyo kikapu, akaitua uwanjani, akakaa mbele yake.

"Mwaka huu mpigaji ni mimi," akasema. "Mwenye nguvu mpishe."

Akainua mguu, akaushusha. GBWAAAM! Vibao kumi na kimoja vililia kwa mpigo mmoja, na ndani ya piano uzi mmoja ukakatika: pwang!

Bi Komba alilia. Msione haya kusikia hivyo, hata hodari hulia. Sikukuu ilikuwa imebakiza siku kumi na tano, na kwa miguu ile piano isingemaliza hata mbili. Akalia, akafuta macho, na macho yale yalikuwa na kazi kubwa ya kufutwa. Kisha akachukua kitabu chake akaenda uwanjani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kulia hapa?"

"Nimekuja kukufundisha. Bwana Mkubwa ana nguvu za kutosha, amekosa jambo dogo tu. Hajaishi kama walivyoishi wakubwa wa muziki."

"Waliishije?"

"Palikuwa na kijana akiitwa Bach. Kitabu kinasema alitembea kwa miguu kilomita kama mia nne, kwenda tu kumsikiliza fundi mmoja akipiga kinanda. Alisikiliza, akarudi, na leo dunia nzima inamjua."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Bwana Mkubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Basi Kiboko akaenda. Alitembea siku saba, bwi! bwi! bwi! mpaka bwawa la mbali wanakoimba vyura. Akasikiliza, kro-kro-kro! Akarudi siku saba, bwi… bwi… bwi… miguu imevimba, tumbo limeingia ndani. Siku zote hizo Bi Komba alikuwa uwanjani. Aliunga uzi uliokatika, akapangusa vumbi, akafanya mazoezi: ti-ri-ri tim! Ti-ri-ri tim! Alifurahi mno, hata akasahau kuogopa.

Siku ya mavuno yenyewe, asubuhi, Kiboko huyo!

"Nimetembea. Nimesikiliza. Sogea nipige!"

Akainua mguu. Bi Komba akamwahi.

"Ngoja, Bwana Mkubwa! Umeshapita daraja la kupiga! Sasa wewe ni mtunzi. Mtunzi mkuu huwaachia wengine wapige. Palikuwa na mmoja akiitwa Beethoven, alipata uziwi, asisikie tena hata ngoma. Kazi yake kubwa kupita zote ilipopigwa mara ya kwanza, inasimuliwa alikaa amewapa watu mgongo, hajui kama wanashangilia, mpaka mwimbaji mmoja akamgeuza ndipo akayaona makofi."

Kiboko akateremsha mguu polepole. Akafikiri. Kiboko akifikiri, hufikiria tumbo.

"Mpigaji hula kwanza," akasema. "Mtunzi je?"

Hapo Bi Komba akafunua kitabu upesi. Kitabu hakikusema neno kuhusu chakula.

"Mtunzi hula mwisho."

"MWISHO?"

"Mwisho, Bwana Mkubwa. Wa kwanza hupewa sahani. Wa mwisho huachiwa sufuria zima, na hana wa kugawana naye."

Kiboko akatazama sahani, ndogo. Akatazama sufuria la wali wa nazi, angeweza kulala ndani.

"Nitie uziwi upesi," akasema. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

Bi Komba akamjaza nta ya nyuki katika sikio la kulia, akamjaza nta katika sikio la kushoto, akamkalisha kulitazama pori. Wanyama wakaja. Bi Komba akakaa kitini, akavuta pumzi.

Ti-ri-ri tim! Ti-ri-ri tim!

Jamani! Twiga alicheza kwa shingo, nungunungu alicheza peke yake, mnajua kwa nini. Wimbo uliisha wakadai tena, ukaisha wakadai tena. Bi Komba akapakuliwa kwanza, wali umejaa mpaka ukingoni, akala akiwa ameegemea piano. Kisha wakala wengine wote. Na Kiboko? Kiboko alikaa ametazama pori, ametulia, akisubiri kugeuzwa.

Waliposhiba wakamkumbuka. Nyati wanne wakamshika, hiii-sa! wakamgeuza. Kiboko akafumbua macho, akaona nini? Wanyama wote wanapiga mikono yao, pa! pa! pa! Walikuwa wanakung'uta punje za wali, lakini nta ilikuwa nta, naye hakusikia wakiulizana nani ana kijiti cha meno. Akainamisha kichwa kwa heshima, machozi ya furaha yakimtoka.

"Umeipiga vyema kazi yangu," akamwambia Bi Komba. "Ichukue piano, kaa nayo. Mtunzi haihitaji."

Wakamletea sufuria lake. Ndani mlikuwa na ukoko.

Kiboko akaukwangua, krwa! krwa! krwa! akauonja, akafumba macho. "Kumbe ndicho walichokula wale wakubwa," akasema, na akaulamba wote.

Basi, watoto, funzo la hadithi hii ni kwamba mwalimu atiiwe. Akisema tembea, tembea. Akisema ziba masikio, ziba. Kuuliza maswali ni utovu wa adabu.

"Lakini Babu, Kiboko alitii yote, akala ukoko!"

Nani kasema hivyo? Wewe Mwanaheri? Simama tukuone. Enhe. Kesho njoo ukae mbele, karibu nami, huko nyuma unasikia mno.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie, sina pengine pa kuipeleka.