Yule Anayekuja Nyuma

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Leo sitasema kwa haraka. Nataka kuwapeleka nyumbani kwa mgane mmoja, mume aliyefiwa na mkewe, aliyekaa juu mlimani, pale lami inapokwisha na migomba inapoanza. Mimi nitawafikisha langoni tu. Kuingia ndani, kila mmoja ataingia kwa miguu yake.

Mzee huyo alikuwa na gari dogo la zamani. Mkewe hakujua kuendesha, lakini majirani walisema gari lile lina madereva wawili. Mzee alishika usukani, mama alishika redio. Redio ya wilaya ilikuwa na kipindi cha habari za barabara. Wasafiri walipiga simu, wakasema wapi maji yamejaa na wapi lori limelala, na mtangazaji akawatangazia wengine wakiwa bado wako njiani. Mama yule hakuishia kusikiliza. Kila alipokuta mahali pabaya alimwomba mumewe asimame mbele kidogo, akapiga simu. Mtangazaji alimzoea hata akampa jina, Mama wa Mlimani.

Mzee alimtania sana kwa ajili hiyo. Siku moja walihangaika mno kulivuka tope, wakachelewa harusini, nguo zimeharibika, na mama bado anataka wasimame apige simu.

"Sisi tumeshapita," mzee akamwambia. "Sasa unamhangaikia nani?"

"Yule anayekuja nyuma."

"Unamjua?"

"Ningekuwa namjua ningempigia mwenyewe. Simjui, ndiyo maana napiga redioni."

Mzee akacheka, akasimamisha gari.

Baadaye binti yao wa pekee, Eliakunda, aliyeolewa mjini, akawanunulia simu janja, moja kwa wote wawili. Ndani yake mlikuwa na ramani inayoonyesha barabara iliyo wazi na barabara iliyofungwa. Mzee alidhani kuna watu wamekaa juu mahali fulani wanatazama. Binti akawaeleza kwamba sivyo. Alisema simu zilizomo ndani ya magari ndizo zinazopeleka habari kimyakimya kwa njia ya intaneti, kila moja ikisema ilipo na mwendo inaokwenda. Zikisimama nyingi mahali pamoja, ramani inatambua kwamba njia haipitiki, na hapo inapakwa rangi nyekundu ili walio mbali wageuze mapema.

Mama aliichukua simu, akaitazama. Kisha akauliza, "Kwa hiyo anayetuambia ni yule aliyekwama?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi aliyekwama hakukwama bure."

Nawaomba mlishike neno hilo. Tutalirudia.

Mama yule akaugua. Hakuugua sana, kama wengi wetu tunavyoomba iwe, akafariki. Akazikwa nyuma ya nyumba katika migomba, kama ilivyo desturi ya watu wale. Wageni wakakaa siku zao, wakaondoka. Mzee akabaki na gari, na lile gari sasa likawa na dereva mmoja.

Akaizima redio. Mtangazaji alikuwa hajapata habari za msiba, na mara mbili tatu aliuliza hewani Mama wa Mlimani amepotelea wapi siku hizi. Mzee hakuweza kulisikia swali hilo. Akaizima na simu, kwa kuwa ramani ilikuwa na sauti ya mwanamke, nayo ilitokea upande wa kile kiti kilichokuwa wazi. Aliiwasha jioni ya Jumapili tu, azungumze na bintiye, kisha akairudisha ndani ya gari, kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti cha mama. Majirani walipokuja na chakula aliwapokea langoni, akawashukuru langoni, wakarudia langoni. Jirani mmoja hakuchoka upesi. Huyo alikuwa mama mfugaji wa kuku, rafiki mkubwa wa marehemu. Lakini naye mwisho alianza kumsalimia kwa mbali, juu ya uzio.

Hakuna aliyemkosea. Ndugu zangu, mnaelewa? Hakuna aliyemkosea. Alifunga tu, dirisha moja baada ya jingine.

Ukatimia mwaka. Desturi yao ni kwamba mwaka ukitimia, watu hukusanyika wakausimamisha msalaba wa zege juu ya kaburi, pale ulipokuwa ule wa mbao. Ni kazi ya mikono mingi, si kazi ya mtu mmoja. Eliakunda akapanga yote. Mchungaji angekuja, na akina mama wa kwaya aliyoimbia marehemu wangekuja na basi dogo wakiwa na sufuria zao na vyakula vyao. Wote walikuwa watu wa bonde, maana kanisa lao lilikuwa bondeni. Binti alitaka mumewe akauchukue msalaba kwa fundi. Mzee akakataa, akasema msalaba wa mama yao atauchukua mwenyewe.

Akashuka asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Mafundi wakaulaza msalaba ndani ya gari, na kwa kuwa gari lilikuwa fupi, kichwa chake kikaegemea kile kiti cha mbele. Mzee akaanza kupanda polepole. Njiani aliutazama ule msalaba pembeni yake, akaona jina, akarudisha macho barabarani.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya kilele, ukingo wa mlima ulikuwa umeanza kuporomoka. Udongo ulikuwa umekula nusu ya barabara, na mawe madogo yalikuwa yakishuka moja moja. Mzee akapita ukingoni, tairi la kushoto likigusa majani. Alipofika upande wa pili, mguu wake wenyewe ukakanyaga breki, kwa mazoea ya miaka mingi. Gari likasimama pale pale ambapo mama angesema simama.

Akakitazama kile kisanduku, na simu ikiwa ndani yake. Namba ya redio ilikuwa ndani ya simu.

"Nimeshapita," mzee akasema, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akaondoa mguu kwenye breki, akaenda zake.

Nyumbani turubai lilikuwa limefungwa tangu jana, na viti vimepangwa. Mzee akavaa shati jeupe, akakaa kiti cha mbele. Saa ya ibada ikafika. Hakuja mtu; hata majirani walikuwa wameshazoea kuishia langoni. Akasema moyoni kwamba watu wa kwaya huchelewa siku zote. Saa nyingine ikapita, upepo ukachezea turubai, kuku wa jirani wakapita chini ya viti wakitafuta makombo, na makombo hayakuwapo. Mzee akaanza kuwahesabia makosa yao. Kwamba walilia sana siku ile ya mazishi, na tazama, mwaka mmoja tu umewatosha. Kwamba hata mwanawe wa kumzaa ana mambo yake. Kwamba mtu akifa anazikwa mara mbili, na mara ya pili anazikwa na wale waliomsahau.

Akainuka. Akautoa msalaba ndani ya gari kwa shida, akauburuta katika migomba mpaka kaburini. Akachimba shimo, akajaribu kuusimamisha. Ukainuka kidogo, ukamrudia. Akajaribu tena, ukamrudia tena, na safari hii ukamwangusha. Akakaa chini kwenye matope, shati lake jeupe limechafuka, mkono wake uko juu ya jina la mkewe.

"Tumeachwa, mama," akamwambia.

Nawauliza ninyi mliokaa hapa. Je, mzee yule alikuwa ameachwa? Tazameni alivyokaa. Mngekuwa mmesimama pale mngesema nini?

Hapo ndipo jirani yake, yule mfugaji wa kuku, alipoingia kwenye migomba. Hakubisha hodi. Alikuja mbio, khanga imemtoka kichwani, na redio yake ya jikoni ameikumbatia kama mtoto, inasema.

"Shemeji, nakuita toka saa ngapi," akamwambia, akihema. "Nyamaza usikilize. Ni wewe unayetafutwa."

Ilikuwa sauti ya Eliakunda. Alikuwa amepiga simu redioni, na sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele kutwa. Alisema mlima umeporomoka wote kwenye kona ya mwisho, barabara haipo. Alisema wako pale yeye na mumewe na mchungaji, mbele yao udongo, nyuma yao foleni, hawawezi kwenda wala kurudi. Kisha akasema maneno haya, na mzee aliyasikia yote.

"Baba, simu yako haipatikani. Kama kuna mtu aliye karibu na baba yangu, amwambie hatujamsahau. Ramani ilituonyesha njia ni nzuri, na redio haikuwa imesema kitu. Hakuna aliyetuambia. Mama angekuwepo, angetuambia."

Jirani akamnyooshea mkono.

Mzee aliinuka akaenda kwenye gari. Akafungua kile kisanduku, akaiwasha simu, na mikono yake yenye matope ikaacha alama juu ya kioo. Ramani ikafunguka. Pale kwenye kona ya mwisho palikuwa pekundu, na wekundu ule ulishuka mlima mrefu kama utepe. Akakumbuka jinsi ramani inavyojua. Akajua kwamba wekundu ule si rangi tu. Ndani yake alikuwamo binti yake, na mchungaji wake, na watu aliokuwa akiwahesabia makosa tangu mchana. Kila aliyesimama mle alikuwa anasema, hata bila kufungua kinywa, *nipo hapa, nilikuwa nakuja.*

Na yeye, aliyepita wa kwanza na kuyaona mawe kwa macho yake, hakuwa amesema kitu.

Akaitafuta namba ya redio, akapiga. Ikaita mara moja tu. Mtangazaji aliiona namba ile, akasahau kwamba yuko hewani, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama wa Mlimani? Ni wewe?"

Jirani alikuwa amesimama kando na redio yake. Kwa hiyo swali lile mzee alilisikia mara mbili, mara moja katika simu na mara moja katika redio. Ndilo lile swali alilolikimbia mwaka mzima.

"Hapana, baba," mzee akajibu. "Alifariki. Mimi ni mumewe." Akaisogeza simu karibu na kinywa. Kisha mzee akasema, "Kuna basi la kwaya. Kama bado halijafika njia panda, lisije kwa barabara ya lami. Lipitie barabara ya juu, ile ya shule. Ni ndefu lakini ni ya mawe, haizami. Na yeyote mwingine anayekuja nyuma."

Basi lilikuwa limechelewa kama kawaida ya kwaya, bado halijafika njia panda. Dereva alisikia, akakata kona. Eliakunda na wenzake waliacha magari, wakavuka udongo kwa miguu wakishikana mikono. Jua lilipokuwa linashuka, msalaba ulisimamishwa na mikono mingi, mingine ina matope na mingine ina unga, kwa maana akina mama walikuwa wameanza kupika. Mzee alishika upande wa jina.

Sasa, ndugu zangu, tuliache kaburi la watu, turudi kwetu.

Sisi tuliozika tuna njia yetu ya kuzima. Tunasema tunataka utulivu. Tunazima hiki, tunafunga kile, halafu tunakaa chini ya turubai la mioyo yetu tunahesabu viti vitupu. Tunalia kwamba hakuna anayekuja. Umeuliza barabarani? Huenda yule unayemlaumu amesimama kwenye kona moja tangu asubuhi, anakuita, nawe hupatikani.

Lakini hilo ni nusu tu, na nusu ya pili ndiyo inayonichoma. Kuna kona tumeipita sisi. Tunajua mawe yanashuka wapi. Tunajua usiku wa kwanza baada ya wageni kuondoka ukoje, na namna nguo za marehemu zinavyonukia ukifungua kabati. Tumeipita kona hiyo, tairi moja likigusa majani, tumefika upande huu kwa neema ya Mungu tu. Na tumesema nini? Tumesema, "Nimeshapita."

Hapa ndani leo yupo mtu ambaye msiba wake bado haujafika. Amekaa karibu nawe, amevaa vizuri, anaimba. Njia anaiona nyeupe mpaka mwisho. Nani atamwambia? Mchungaji? Mchungaji hakai ndani ya gari lako. Utamwambia wewe uliyepita. Na wewe uliyekwama hata sasa, usiyeweza kwenda wala kurudi, usidhani huna kazi katika nyumba hii. Uwepo wako tu, hapo ulipokaa, unasema. Aliyekwama hakukwama bure.

Kwa hiyo tutakapotoka hapa sitawaomba mambo makubwa. Mbele kidogo ya kona yako, simama. Washa. Kuna mtu anakuja nyuma.