Nani Aliileta Barabara ya Vikongoro

Kisa hiki kina watu watatu na barabara moja. Sikilizeni mpaka mwisho, maana mwishoni kuna jina linalotakiwa kutajwa, na kazi ya kulitaja ilimlemea aliyepewa.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, mahali ambapo nyumba zilifika kabla ya njia, palikuwa na mtaa unaoitwa Vikongoro. Hapo aliishi Bi Tausi, na kipawa chake kilikuwa ardhi. Shamba lote la mikorosho lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyewauzia watu viwanja, akivipima kwa hatua za miguu yake mwenyewe. Aliishi pia Elinami, mpima ardhi mstaafu, na kipawa chake kilikuwa jicho. Angesimama mahali, akafumba jicho moja, akakwambia ukuta wako umepinda tangu siku ya msingi. Wa tatu alikuwa Kibwana, mjumbe wa mtaa, na kipawa chake kilikuwa mdomo. Watu walisema Kibwana angeweza kukuuzia shati lako mwenyewe ukiwa umelivaa.

Bi Tausi alipopima kwa hatua, kiwanja kimoja kilianzia pale kingine kilipoishia. Hakuacha njia, wala mnunuzi yeyote hakuidai. Kila mmoja alitaka tu hatua zake zitimie. Watu wakajenga mpaka ukingoni. Kutoka kwako ilibidi upite nyuani kwa watu, uiname chini ya kamba za nguo, upige hodi kwa mtu usiyekuwa na shida naye. Majeneza yalipitishwa juu ya kuta, yakipokelewa upande wa pili na mikono ya majirani.

Katika nyua hizo alibebwa Sikitu, mke wa Mrisho fundi makochi, akiwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Walimbeba juu ya kiti cha plastiki. Walipofika kwenye barabara kuu, mtoto alikuwa ameshachoka kungoja. Hospitali walimrudishia Sikitu kanga zake tu.

Mimba ya pili ilipoonekana, Sikitu alimwambia mumewe, "Mimi sizai hapa. Nirudishe mjini."

"Mjini kwa nani, mke wangu? Kile chumba tulichopanga kina watu wengine. Hapa ndipo petu."

"Petu pasipotoka mtu?"

Mrisho alirudi kwenye kochi alilokuwa akilishona. Lakini maneno hayo yalipita ukuta mmoja, ukuta wa pili, yakawafikia wale watatu.

Bi Tausi akatoa ardhi. Alikuwa amebakiwa na shamba lisilo na miti nyuma ya mtaa na ukanda mwembamba wa mikorosho unaopenya katikati ya nyumba, ndio uliokuwa ukimlisha kwa korosho. Akaita vijana wenye mapanga na mashoka. Mikorosho ilipoanguka alikaa ndani na redio ameifungulia sauti ya juu, asisikie. "Chukueni," alisema. "Ila msinionyeshe vile visiki."

Lakini ukanda ule ulikuwa na mwanzo tu. Kati yake na barabara kuu kulikuwa na nyumba za watu.

Elinami akatoa jicho. Kila asubuhi alizunguka na kamba na vigingi, magoti yakimuuma, akitafuta mstari ambao ungepita bila kumlaza mtu nje. Akaupata. Ulikata majiko, mabanda ya kuku, kona za kuta, na vyoo kadhaa. Haukugusa chumba cha kulala hata kimoja.

Lakini mstari ule ulikuwa wa kamba tu, na nani avunje ukuta wake kwa sababu ya kamba?

Kibwana akatoa mdomo. Aliingia nyumba baada ya nyumba. Kwa Mzee Salamba ndipo alipokaa sana, maana choo cha mzee kilisimama katikati kabisa ya mstari.

"Choo changu, Kibwana? Mimi mwenye sukari?"

"Ndiyo, mzee wangu. Hebu fikiria, pale ulipochuchumaa patapita magari ya wagonjwa."

"Na mimi nikibanwa nitachuchumaa wapi?"

"Kwangu. Njoo saa yoyote. Mke wangu nimeshamwambia, amesema tu usije na gazeti."

Mzee Salamba alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa alikuwa ameshakubali. Kesho yake alishika nyundo yeye mwenyewe.

Njia ikafunguka. Gari la kwanza kupita lilikuwa pikapu kuukuu ya Elinami, na nyuma yake, juu ya godoro, alilala Sikitu, Mrisho akimshika kichwa. Walifika hospitali mapema, mapema mpaka wauguzi wakawaambia wakae kwanza. Mtoto wa kike alizaliwa akilia kwa hasira. Wakamwita Hidaya. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita mama yake Mama Njia.

Pale njia mpya ilipokutana na barabara kuu palibaki kona ya ardhi, yenye umbo la pembetatu, isiyo ya mtu. Wakazi wakasema kona hiyo apewe aliyeileta barabara, iwe shukrani yao. Basi, aliyeileta ni nani?

"Bila ardhi ya Bi Tausi, Mpima angechora hewani!"

"Na bila Mpima, ardhi ya Bi Tausi ingeishia chooni kwa Mzee Salamba."

"Acheni hizo. Bila mdomo wa Kibwana mngekuwa mnaanikia nguo kwenye kamba ya Mpima mpaka leo."

Wenyewe watatu walikaa kwa adabu, kila mmoja akitazama pembeni, kila mmoja akisubiri jina lake. Mabishano yalipozidi, mtu akasema, "Aamue Mama Njia. Ndiye wa kwanza kuokolewa." Wote wakakubali. Sikitu, mtoto kifuani, akacheka. "Jamani, nina usingizi. Hidaya akianza kutembea nitawaambia."

Hidaya akatembea. Akasema, akang'oka meno ya utoto, akaingia shule. Sikitu hakutaja jina. Si kwamba alisahau. Kila alipojaribu kumweka mmoja mbele, aliwaona wengine wawili wakiwa wamesimama kando ya ile pikapu.

Barabara nayo ikakua. Manispaa ilikuja ikasema bajeti inatosha jambo moja: lami, au soko dogo na zahanati hapohapo mtaani. Kibwana akasimama mkutanoni. "Zahanati ya nini, ndugu zangu, na hospitali sasa ni mwendo mfupi tu kwa gari? Tukipata lami, kila kitu kitakuwa karibu." Wakapiga makofi. Hata Sikitu alipiga makofi.

Wahandisi wakamuuliza Elinami, barabara iishie shambani au iendelee mpaka ikutane na barabara nyingine kuu upande wa pili? Elinami alifumba jicho moja. Mstari ulinyooka vizuri mno, na yeye alikuwa amekaa maisha yake yote akipenda vitu vilivyonyooka. "Iendelee," alisema.

Na Bi Tausi, ambaye korosho zake zilikuwa zimekwisha na tumbo halikuwa limekwisha, akauza shamba lililobaki, kwa hatua, kando ya lami mpaka bondeni. Walionunua walikuja na magari, maana bila gari huko mtu hafiki.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Barabara kuu ilipoanza kujaa, madereva kutoka mbali waligundua kwamba Vikongoro kuna njia ya mkato. Wakaambiana. Duka la vitambaa alikonunua Mrisho likahamia mbali, kwenye jengo kubwa lenye maegesho, na genge la nyanya likafuata, na kinyozi akafuata. Ikawa kununua ndimu ni safari. Waliokuwa wakitembea wakanunua magari, Mrisho akiwa mmojawapo. Kuta zilijengwa upya, ndefu zaidi, zikisogea mpaka kwenye lami, bila hata sehemu ya kuweka mguu. Watoto wakaingizwa ndani. Hidaya alijua majina ya magari yote kwa mngurumo tu, lakini hakumjua mtoto wa nyumba ya pili.

Vumbi na moshi vilimrudishia Mrisho pumu ya utotoni. Mchana mmoja ilimbana namna ambayo haikuwahi kumbana. Sikitu akamwacha Hidaya kwa jirani, akamwingiza mumewe kwenye gari, akashika usukani. Aliishia karibu na nyumba ya Mzee Salamba. Mbele yake magari yalikuwa yamesimama, nyuma yake yakasimama, na pembeni kuta.

Alishuka akagonga dirisha la lori la vigae. "Kaka, nina mgonjwa. Nakuomba unipishe."

Dereva alitazama mbele, akatazama nyuma. Machozi yalimlenga. "Pole sana, dada. Nisogee wapi?"

Na kweli hakuwa na pa kusogea. Gari la shule lilikuwa na watoto wanaolia joto. Baba mmoja alikuwa akimpeleka mama yake hospitali hiyohiyo. Kila mtu alikuwa na haki ya kuwa pale.

Kibwana alisikia, akaja mbio. Alipita dirisha hadi dirisha, sauti ileile iliyowafanya watu wavunje vyoo vyao. Alibembeleza, akatania, akapiga magoti juu ya lami. Madereva wote walimkubalia. Wote. Hakuna gurudumu lililozunguka.

Mwishowe wanaume walimtoa Mrisho wakambeba mikononi, wakipenya kwa ubavu kati ya vioo vya magari. Mwenye pikipiki mmoja alijaribu kuwatangulia afungue njia, akakwama. Walipofika kwenye ile kona ya pembetatu, mahali pekee penye udongo wazi, mmoja akasema, "Mshusheni apumzike." Wakamlaza. Sikitu alipiga magoti akamfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho hapakuwa na haja tena.

Msiba ukapita. Kisha zikaja habari kutoka ofisi ya mtendaji wa mtaa: kuna mtu anataka kona ile ajenge sheli ya kuuza mafuta. Gari zote zinapita pale, biashara haiwezi kulala. Mtendaji, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita Sikitu. "Mama Njia, kona isiyo na mwenyewe ni ya manispaa. Lakini mkutano wenu ulisema wewe ndiye utataja mwenyewe. Ukitaja, sheli naizuia. Ukinyamaza mpaka Jumatatu, mikono yangu imefungwa."

Jumapili wale watatu walimjia nyumbani. Walikaa kwenye makochi aliyoyashona Mrisho. Hakuna aliyegusa chai.

Kibwana alianza, kwa sauti ya chini. "Mama Hidaya, nakuomba usinitaje mimi. Mtu akinishukuru kwa barabara ile, atakuwa ananishukuru kwa yote. Siwezi kulibeba."

"Basi nitaje mimi," alisema Elinami. "Sitaki zawadi. Nataka watu wapite, waulize jina hilo la nani, waambiwe ndiye aliyesema iendelee."

"Mpima, hata adhabu unaitaka iwe yako peke yako," Kibwana alimwambia, na kwa mara ya kwanza hakuwa akitania.

Bi Tausi alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga. "Mimi nitasema kweli, mwanangu, unisamehe. Naitaka kona ile. Niliuza mpaka nikauza pa kulala. Napanga chumba kwenye kiwanja nilichokipima kwa miguu yangu. Nikiweka hata kibanda pale, nitakuwa na mlango wangu. Najua aliyelala pale. Ila mimi sina pengine."

Sikitu aliwatazama. Alitaka kuwachukia, angepumzika. Lakini chumba cha pili Hidaya alikuwa akiimba wimbo wa shule, sauti nyembamba, na sauti hiyo ililetwa duniani na watatu haohao, kwa njia hiyohiyo. Alitaka kuwashukuru, na mikono yake ikakumbuka vifungo vya shati.

"Siku ile ya pikapu," alisema, "mlikuwa watatu. Nikiondoa mmoja wenu, mwanangu hayupo. Na nikiondoa mmoja wenu, mume wangu yupo. Sasa mnaniambia nichague."

Waliondoka mmoja mmoja, chai ikiwa imepoa.

Jumatatu alitoka kwa miguu, maana barabara haikuwa ikitembea. Ofisini mtendaji alimpa kiti, akachukua kalamu. Nje, yule mtu wa sheli alikuwa akisubiri kwenye gari lake, injini inawaka, kiyoyozi kinafanya kazi.

"Haya, Mama Njia," alisema mtendaji. "Nani aliileta barabara ya Vikongoro?"

Sikitu alifungua kinywa, na hapo ndipo kisa kinapoishia, kwa sababu walionisimulia hawakubaliani alichosema, na wengine wanasema hakusema kitu.

Basi sasa ni zamu yenu mnaosikiliza. Je, mngemtaja mwenye ardhi, anayeitaka kona kwa kuwa hana pa kulala? Au mwenye jicho, anayeitaka ili alaumiwe? Au mwenye mdomo, asiyeitaka kabisa? Au mngenyamaza, sheli ijengwe pale alipolazwa Mrisho? Na wewe utakayetaja jina, tuambie na hili: utakuwa umelitaja kwa ajili ya siku aliyozaliwa Hidaya, au siku aliyokufa baba yake?