Machela ya Nakijwa

"Huo ni uvivu tu! Mtu anakimbia, anatembea, anakimbia tena. Huyo anawinda panzi."

"Na wewe unayekwenda mwendo mmoja kila siku, jana nani alilala kilimani ulimi nje?"

"Sikulala. Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

"Kwa shavu?"

Hao ni wanangu, Nanzia na kaka yake Elihuruma, wakibishana uani. Nanzia alikuwa amechaguliwa kukimbia mbio ndefu za shule, na mwisho wa njia yake ni kilima. Kila alipojaribu kilima hicho kilimshinda. Mwalimu alimwambia akaze kidogo, atembee apate pumzi, kisha akaze tena. Yeye aliona aibu kutembea mbele za watu.

"Bega lililopumzika ndilo lifikalo," nikawaambia. "Nanzia, kunywa maji. Huruma, funga mdomo."

"Bega linaingiaje, mama? Mimi nakimbia kwa miguu."

"Kaa chini. Methali hii ilianza hivi, hukuhuku kwetu Upareni, kabla barabara ya gari haijafika."

Nakijwa alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulimshika alfajiri, na jua lilipopanda wakunga wakakubaliana kwamba mtoto amekaa vibaya. Ilibidi apelekwe hospitali, ng'ambo ya mlima. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Basi majirani wakafunga blanketi kwenye miti miwili, ikawa machela, na wanaume wanne wakaingiza mabega. Mbele alishika Senzia, shemeji yake, mwenye nguvu kuliko wote.

Wanaume wengine wanne walifuata nyuma mikono mitupu. Kazi yao ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani akishapona, si zaidi. Desturi ilikuwa moja: aliyeinua mti wa machela mlangoni ndiye anayeufikisha. Kuuachia njiani ni kumwachia mgonjwa mkosi.

Bondeni walikwenda vizuri. Hatua zililingana, pumzi zikalingana. Jasho liliwatoka lakini hakuna aliyehema. Kwa mwendo ule wangeweza kwenda mpaka jioni.

Kisha mlima ukaanza. Senzia hakutaka kupunguza, maana alisikia jinsi Nakijwa anavyougua, akalazimisha mwendo uleule wa bondeni. Mapaja yakawaka. Mate yakakauka. Moyo ukawa unampigia masikioni. Alivuta hewa kwa kinywa na bado haikumtosha, na machela ikaanza kuyumba.

"Mnanisukasuka kama maziwa kwenye kibuyu!" Nakijwa akalia.

Namsifu, mama mkwe wake, alikuwa akitembea ubavuni. Akasimama mbele yao. "Badilishaneni."

"Haiwezekani, mama," Senzia akasema.

"Magoti yako yanacheza ngoma, mwanangu, na harusi siioni."

Senzia hakucheka. "Nikiachia mti na Nakijwa akafa, nitamwambia nini ndugu yangu? Atasema nilimtupa mkewe njiani."

Wote waliijua hofu ile, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa nayo. Mimi simlaumu. Aliyebeba roho ya mtu begani haambiwi "tua" akatua hivihivi.

Nakijwa ndiye aliyetoa kichwa kwenye blanketi. "Shemeji, mkosi kama upo ni wangu, nami nimeupokea. Umenibeba bonde zima. Sasa niachie kwa wenzako, nisije nikafia hapa nikiitazama heshima yako."

Senzia akafumba macho. Mmoja wa wale waliofuata mikono mitupu akasogea, akapitisha bega chini ya mti, na Senzia akatoa lake. Wabebaji wenzake watatu nao wakapokewa.

Wabebaji wapya wakapanda kwa kasi mpaka kona ya kwanza. Senzia aliwafuata akijikokota, akijua amekwisha. Alitaka kuketi kwenye jiwe, Namsifu akamkataza: "Ukikaa utaganda. Tembea." Akatembea. Kidogo kidogo moyo ukashuka kutoka masikioni, pumzi ikarudi kifuani, na miguu ikaacha kutetemeka. Kwenye kona alirudisha bega chini ya mti, akashangaa nguvu zake zilikuwa zimejificha wapi. Wakakaza mpaka kona ya pili, wakapokewa, wakatembea, wakapokea. Hivyo ndivyo walivyoumaliza mlima.

Walifika jua likiwa bado juu. Mtoto alizaliwa mzima, na mama yake akapona.

Lakini watu hawakosi maneno. Senzia alipopita penye kilabu cha pombe walimwita "Mwachia-mti." Hakugombana nao. Mtoto alipoweza kukaa, alimpandisha begani, lile bega lenyewe, akapita naye mbele yao akisema, "Bega lililopumzika ndilo lifikalo." Tangu siku ile, watu walipokezana machela kila kona.

Nanzia alikuwa ameacha maji yake. "Kwa hiyo mwendo wangu mmoja ni bure?"

"Nani kasema? Bila ule wa bondeni wasingeufikia mlima. Mwendo mmoja unaufundisha mwili kudumu. Kukaza na kulegeza kunaufundisha kupanda, na kurudisha pumzi upesi. Wewe unajua bonde tu, na mbio zako zinaishia mlimani. Huko kutembea ni sehemu ya kazi, si aibu."

"Na wakinicheka?"

"Senzia alichekwa. Mtoto alikuwa hai."

Akainama, akafunga kamba za viatu, safari hii kweli. "Huruma, twende kilimani."

Nikawatazama kutoka uani. Nanzia alikaza mpaka kwenye mkaratusi, akashuka akitembea mikono kiunoni, watoto wa jirani wakimzomea. Hakuwageukia. Akakaza tena, akaupita mkaratusi. Kaka yake alikuwa ameshajibwaga kwenye majani.

"Huruma, utaganda! Inuka utembee!" nikamwita kutoka uani.

Juu kule Nanzia akacheka, kisha akamalizia kwa niaba yangu, na pumzi ya kupiga kelele alikuwa nayo:

"Bega lililopumzika ndilo lifikalo!"