Mlango wa Mnara wa Wasiorudi

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia akalale kwao, maana mwisho wa hadithi hii nitadai hukumu, na hukumu ya mtu aliyelala siipokei.

Zamani Waingereza walipokuwa wanatawaliwa na malkia, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Mhandisi Thornley, aliyekwisha kujenga minara tisa ya taa za kuongoza meli katika bahari za baridi za kwao. Alikuwa akilitazama wimbi, akajua litapiga wapi na kwa nguvu gani. Wa pili ni Fundi Shaame, mchoma chokaa. Ukimpa chokaa aisugue kati ya vidole, angekwambia imelala shimoni miezi mingapi. Wa tatu ni Bi Mize, aliyewinda pweza. Maji yakipwa alitembea mwambani na kijiti chake, akichokoa mashimo, na hapakuwa na tundu asilolijua.

Wote watatu walifiwa mahali pamoja, kwenye mwamba ulioitwa Wasiorudi, ambao maji yakijaa hauonekani.

Bi Mize alimpoteza mumewe, Makame. Maiti haikupatikana, naye akakataa kukaa eda. "Nitamkalia vipi eda mtu ambaye sijamwona amekufa?" alisema. Miaka kumi na mmoja akabaki si mke, si mjane.

Fundi Shaame alimpoteza mwanawe, Ngwali, mwanamume mzima aliyekwisha kuposa. Walikuwa wakichimba mawe ya chokaa mwambani. Ngwali alisema, "Baba, maji yanarudi." Baba akamjibu, "Jaza pakacha moja tu, la mwisho."

Mhandisi alimpoteza mdogo wake, Edwin, baharia. Lakini msimwonee huruma upesi. Miaka minne kabla ya hapo aliletewa ramani aseme ni miamba ipi ijengewe minara. Penye Wasiorudi aliandika kwa mkono wake mwenyewe: *Huu unaweza kusubiri.* Meli ya Edwin ilipovunjika pale, alifunga safari akaja kujenga mnara wa kumi. Hakuna aliyemtuma.

Alianza kujenga mahali palipoinuka kuliko pote, kama alivyozoea kwao. Msingi ukazama, mawe yakadidimia. Bi Mize alikuwa akipita na pweza wake begani, akasimama kutazama.

"Bwana, mbona umejenga juu ya nyumba ya watu?"

"Nyumba ya nani?"

"Ya pweza. Penye pweza pana pango. Njoo nikuonyeshe mahali ambapo miaka ishirini sijapata hata mmoja."

Alimpeleka upande wa chini, mahali ambapo mgeni asingepadhania kabisa. Mhandisi akapiga nyundo, na mwamba ukajibu kwa sauti nzito isiyo na uwazi ndani. Msingi ukawekwa hapo.

Ikaja zamu ya kuunganisha mawe. Saruji iliyoletwa na meli ilikuwa imeshika unyevu njiani, na mapipa yalipofunguliwa ilikutwa imeganda. Mhandisi akataka chokaa ya siku ileile. Fundi Shaame akaketi juu ya kifuniko cha shimo lake.

"Hii ya leo itakusaliti. Ninayo iliyolala mwaka mzima. Niliichoma kwa ajili ya nyumba ya harusi ya mwanangu." Alisema hivyo, kisha akainuka akaitoa yote.

Naye Mhandisi alifanya ambalo hakuna mwingine angeliweza. Aliunyanyua mnara mpana chini na mwembamba juu, kama shina la mnazi, na kila jiwe alilichonga limshike mwenzake, hata wimbi likawa likipiga linapanda na kuteleza tu. Ungeondoa msingi ule, au chokaa ile, au umbo lile, mnara usingemaliza msimu mmoja wa pepo za kusi.

Taa ikawashwa. Mwaka mzima hakuna chombo kilichovunjika.

Mwaka ulipotimia, siku ya bamvua, maji yalikuwa yamekupwa mpaka mbali. Saa sita mchana watatu hao walikuwa ndani ya mnara wakifuta vioo vya taa, na mlango wa chuma wameufunga kwa ndani. Mlango ukagongwa mara tatu.

Waliteremka. Sauti ikasema kutoka nje, taratibu, bila hasira:

"Mimi ndiye mwenye mwamba. Mmenifungia mlango wangu, sipati tena wageni. Nimeshindwa, na kwetu anayeshinda hutuzwa. Nitamrudisha mmoja kati ya nilionao. Mnara ni mmoja, mwenyewe ni mmoja, na tuzo ni moja. Nitajieni mwenye mnara. Maji yakifika ngazi ya tatu ya mlango huu kabla sijasikia jina, naondoka nao wote."

Walichungulia kidirishani. Maji yalikuwa yameanza kurudi, na nje walisimama watu watatu, yakiwafika magotini. Makame alikuwa na shuka ileile aliyotoka nayo nyumbani. Edwin alikuwa na kiatu kimoja. Ngwali alikuwa amelibeba pakacha, limejaa mawe, hajalitua tangu siku ile. Nguo zao zilichuruzika, lakini maji yaliyowazunguka hayakutikisika hata kidogo. Walikuwa wakitazama mlango.

Bi Mize akaweka kiganja chake juu ya chuma. "Bila mimi mngejenga juu ya shimo," alisema. "Na nyinyi mliwalilia wenu, mkamaliza. Mimi sijaanza kulia."

"Bila chokaa yangu yangebaki mawe tu," alisema Fundi Shaame. "Mwanangu hajalitua lile pakacha, Bi Mize. Mimi ndiye niliyemtwika. Niache nikamtue."

Mwisho Mhandisi akasema, "Mnara nimeuchora mimi, lakini mimi ndiye niliyeandika usubiri. Sistahili kitu. Mtajeni mwingine." Kisha akakiona tena kile kiatu kimoja. Akauziba mdomo wake kwa mkono, na hakulirudia neno hilo.

Ngazi ya kwanza ikafunikwa. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Bi Mize. Huko nje, Ngwali alisogeza pakacha begani, kama mtu aliyechoka.

Aliyenisimulia hadithi hii aliishia hapa. Nilimwuliza ni jina gani lililotajwa, akaniuliza mimi ningetaja lipi. Tangu siku ile silali vizuri. Kwa hiyo nawaachia nyinyi.

Alikuwapo aliyejua mahali, aliyetoa cha kushikamanisha, na aliyejua umbo. Mmoja amesubiri kuliko wenziwe, mmoja alimtwika mwanawe, na mmoja aliandika neno kwenye ramani. Mnara ni wa nani?

Je, wewe ungelitaja jina gani? Usinong'one, liseme, tena kwa sauti wasikie hata walio nje. Maji yamefika ngazi ya pili.