Nungunungu na Kibaba cha Nne

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mna homa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale kulikuwa na gulio la wanyama, na Nyani ndiye mkuu wa soko. Desturi yao ilikuwa hii: huuzi chumvi mpaka Nyani akipime kibaba chako. Unakijaza mtama, unaumimina kwenye kibaba cha soko. Ukijaa sawasawa, unauza.

Basi Ngiri, muuza chumvi, akaanza kumpelekea Nyani mkungu wa ndizi kila gulio. Nyani naye akaanza kupimia ndani, mlango umefungwa. Muuza chumvi mwingine akipeleka kibaba chake, anasikia paa! Kimevunjwa. "Kibovu," anasema Nyani. "Nenda."

Akabaki Ngiri peke yake. Kibaba cha chumvi kwa kibaba cha mahindi. Gulio la pili, kwa viwili. La tatu, kwa vinne. Kanga, muuza dagaa, akapandisha, maana dagaa wake wanatiwa chumvi. Muuza mboga akapandisha, maana naye anakula dagaa. Kila kitu juu, juu, juu. Ukimuuliza Ngiri, anasema ni mvua. Mvua gani, jamani, na jua linawaka hivi?

Nungunungu alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na kazi yake ilikuwa chumvi tu. Vibaba vyake vitatu vilishavunjwa. Watoto wanalia njaa. Akachonga cha nne. "Hiki hakivunjwi," akasema.

Hakwenda kwa Nyani. Alikwenda katikati ya gulio, akajibwaga chini, puu! Akasema, "Bwana Nyani, nipimie hapa hapa, wote waone. Na cha Ngiri pia."

"Desturi ni ndani," akasema Nyani.

"Tangu lini?" akauliza Kanga.

"Tangu lini?" wakauliza wote.

Nyani akatazama huku, akatazama kule. Akatoa kibaba cha soko. Mtama wa Nungunungu ukamiminwa, chwaa, ukajaa sawasawa. Wa Ngiri ukamiminwa, chwaa, ukafika nusu.

Wakamvua Nyani ukuu siku ile ile. Wakaamua kupima kuwe mbele ya watu, na mwenye kibaba kizima auze. Hata Ngiri, akichonga kipya.

Gulio lililofuata Nungunungu akaja na chumvi yake. Mnadhani aliuza kwa kimoja? Thubutu! Alitaka vinne, kama Ngiri. Kando yake akaketi Panya Buku, muuza chumvi mwenzake, naye alishavunjiwa kibaba, akachonga kipya. Buku akasema, "Kwangu viwili." Wanunuzi wote wakahamia kwa Buku. Nungunungu akakunja uso. "Kwangu kimoja na nusu." Buku akanuna, akashusha. Jua linatua, chumvi ni kibaba kwa kibaba, dagaa wameshuka, na watoto wa Nungunungu wanakula.

Nawaambia waziwazi: msitegemee wema wa muuzaji, hata awe mama yenu. Mwekeeni mwenzake kando, na kipimo kikae mbele ya watu. Hadithi yangu imeishia hapo, na anayebisha aende sokoni.