Arobaini ya Mtoto wa Pomboo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa bahari, ikawa na mtaa. Mtaani nani?
Pomboo!
Basi kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako.

Hapo kale Pomboo alijifungua mtoto mnene, mweusi, anayenyonya. Ndiyo, ananyonya. Mnacheka nini? Pomboo si samaki. Hatagi mayai, ana maziwa, na pumzi yake iko juu hewani, kama yako na yangu.

Jirani yake alikuwa Papa. Papa alipomwona yule mtoto, mate yalimjaa. Lakini mkunga aliyemzalisha Pomboo alikuwa Bibi Nyangumi, mwili kama nyumba mbili, na hakubanduka pale. Papa akaona nguvu hazitafaa, akajivika adabu.

Pomboo akambeba mwanawe kwenda juu kuvuta pumzi. Papa akamkingia njia, akasema polepole, "Dada, mtoto mchanga hatolewi nje kabla ya arobaini. Au kwenu hamna mila?"

Pomboo akaona haya, akarudi chini. Mtoto akalegea. Akapanda tena, Papa huyo. Akarudi, mtoto akazidi kulegea. Akapanda mara ya tatu, akamkuta Papa kaleta samaki majirani, Changu na Taa, wanatikisa vichwa kwamba mila ni mila. Pomboo akalia. Akirudi chini safari hii mtoto atakufa, na Papa atakuja mazishini na meno yake.

Ndipo Bibi Nyangumi akamuuliza, "Papa, baba, nyumbani kwa mtu ni wapi?"

Papa akacheka. Mtoto gani hajui hilo? Akajibu, "Ni pale anaporudi kila siku."

"Vizuri. Mimi na Pomboo kila siku tunarudi juu. Basi kwetu ni juu. Huku chini ndiko nje, tumetoka kutafuta riziki tu. Sasa mbona unamzuia mzazi asimwingize mwanawe ndani?"

Changu akamtazama Taa. Taa akamwambia Papa apishe njia, asiwavunjie mila. Papa akakunja mkia. Akapisha.

Pomboo akapanda, akapanda, akapanda. Kichwa cha mtoto kikatoka majini, pfuu! Akavuta pumzi, akapiga chafya, akataka ziwa la mamake. Raha iliyoje, jamani!

Papa akanyemelea nyuma. Bibi Nyangumi akamgeukia kwa bashasha. "Karibu, jirani. Mzazi hatazamwi toka mlangoni. Ingia ndani, ukae."

Majirani wanaangalia. Akikataa, adabu yake iko wapi? Papa akatoa kichwa hewani. Akapanua mdomo, hewa haimfai. Macho yakamtoka, akaporomoka chini, akakimbia, na hajamfundisha mtu mila tena.

Tangu siku ile, pomboo akipanda juu hutangulia kusema pfuu. Ndiyo hodi yake, anaingia kwao. Mkiisikia, mnaitikia nini?
Karibu!

Hadithi yangu imevuta pumzi, imezama. Anayeitaka tena, apige hodi.